Kutunga Kipande cha Dakika Moja Kisicho na Kii, kwa Fidla na Kinanda

Sikio la mtu wa Mombasa limelelewa na muziki wenye makao. Taarab ya harusini huzunguka maqamu yake (ngazi ya noti ya Kiarabu) kisha ikarejea ilikoanzia, na kwaya ya Jumapili inayosoma solfa humalizia kwenye do na kila mtu akajua wimbo umekwisha. Muziki wa atonali, yaani usio na kii, umeyaondoa makao hayo: hakuna noti moja inayotumikiwa na nyingine zote. Arnold Schoenberg, mzaliwa wa Vienna wa mwaka 1874, alikuwa ameshaandika vipande vya aina hii kufikia 1909, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 akapanga utaratibu wa kuzitumia noti zote 12 kwa zamu, bila ya moja kurudiwa kabla nyingine hazijapita.

Anayejaribu kwa mara ya kwanza hubonyeza vitufe ovyo, akidhani ovyo ndiyo njia. Haifanyi kazi. Vidole vina mazoea yake, na kabla ya nusu dakika kwisha noti fulani imeshajikalia kama mwenye nyumba. Sikio hutafuta makao kwa kila dalili linayoipata: noti iliyorudiwa, iliyo ndefu kuliko zote, iliyo chini kabisa, iliyoangukia pigo la kwanza, ya mwanzo na ya mwisho. Kwa hivyo kutunga atonali ni kazi ya ulinzi zaidi kuliko kazi ya kutafuta sauti za ajabu. Sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mitego hiyo na namna ya kuitegua.

Tutajenga kipande kimoja cha vipimo 17, kila kipimo mapigo manne, kasi ya mapigo 60 kwa dakika. Jumla ni sekunde 68.

Vitu vya kuwa navyo

Kinanda cha umeme cha vitufe 61 kinatosha. Daftari la miraba, lile la hesabu, penseli na kifutio. Simu ya kurekodia. Ukitaka kuchapa muziki wako, programu ya MuseScore ni ya bure na inafaa. Anza na ukurasa usio na alama za kii, na kila shapu (alama ya kupandisha noti) au flati (ya kuishusha) iandikwe mbele ya noti yake yenyewe.

Kabla ya kugusa kitufe, kagua kinanda. Hapa ndipo kazi ya wengi huharibika bila wao kujua, kwa sababu vinanda vinavyozunguka Mombasa mara nyingi vimetoka harusini. Kwanza, kitufe cha kupandisha na kushusha kii: kisome sifuri. Mpiga kinanda wa taarab hukihamisha kumfuata mwimbaji na akakisahau hapo. Pili, robo toni: vinanda vyenye mipangilio ya Kiarabu huwa vimeshushwa E na B kwa senti 50, yaani nusu ya hatua ya kitufe kimoja hadi cha jirani yake, ili kupata maqamu ya bayati na rasti. Rudisha noti zote kwenye sifuri, la sivyo noti zako 12 hazitakuwa na nafasi sawa na hesabu yote ya mwongozo huu itakataa. Tatu, zima besi na mdundo unaojipiga wenyewe. Ukiuacha, kinanda kitasikia mkono wako wa kushoto, kibahatishe kodi (noti tatu au zaidi zinazopigwa pamoja), kisha kikuongezee besi ya kodi hiyo. Kwa maneno mengine, kitakujengea makao huku wewe unayabomoa. Chagua sauti ya piano ya kawaida na upunguze mwangwi.

Weka solfa kando, hesabu kwa namba

Solfa ya kwaya haifai hapa, na si kwa sababu ni duni. Do yake inahama kufuata kii, na pasipo kii haina pa kukaa. Ukianza kuandika fe na ta (fa iliyopandishwa na ti iliyoshushwa) utajikuta unaimba kuelekea do ambayo haipo. Tumia namba, kila nusu toni (hatua ya kitufe kimoja hadi cha jirani yake, cheupe au cheusi) namba yake:

C ni 0, C shapu 1, D 2, E flati 3, E 4, F 5, F shapu 6, G 7, A flati 8, A 9, B flati 10, B 11.

Ukizidi 11, toa 12. Ukishuka chini ya 0, ongeza 12. Oktava haihesabiwi katika hatua hii: D yoyote ni 2. Baadaye, tukifika kwenye sauti halisi, namba itakayofuata herufi itaonyesha oktava, ambapo C4 ni C ya kati.

Kupanga safu

Safu ni mpangilio wa noti zote 12, kila moja mara moja. Mipangilio inayowezekana ni 479,001,600, basi usiogope kwamba zitakwisha. Lakini nyingi hazifai kwa kusudi letu. Unapopanga, kagua kila noti tatu zinazofuatana, kisha kila nne. Zisiwe kodi ya meja (kama 0 4 7) wala ya maina (kama 0 3 7). Zisiwe vipande vya skeli (ngazi ya noti za kii moja), kama 0 2 4 5. Na kwa masikio ya huku pwani kuna tahadhari ambayo vitabu vya Ulaya havikutajii: 2 3 6 7 zikifuatana ni maqamu ya hijazi, na msikilizaji atakuwa ameshafika harusini kabla ya noti ya tano. Umbo hilohilo likianzia kwenye noti yoyote (0 1 4 5, 7 8 11 0 na mengineyo) lina kasoro hiyohiyo.

Safu tutakayotumia ni hii:

2 1 5 – 11 10 4 – 6 7 3 – 9 8 0

Yaani D, C shapu, F. B, B flati, E. F shapu, G, E flati. A, A flati, C. Jumlisha namba zote: lazima upate 66. Kila safu sahihi, hata uigeuze vipi, hujumlika 66, na hicho ndicho kipimo cha haraka cha kugundua noti iliyorudiwa au iliyosahauliwa. Ukipata 66 bado pitia kwa jicho, maana makosa mawili yanaweza kufutana.

Itazame kwa makundi ya tatu tatu. Kundi la kwanza linashuka nusu toni moja kisha linapanda nne. Kundi la mwisho linafanya vivyo hivyo, kutoka 9. La tatu limepinduka: linapanda moja, linashuka nne. La pili ndilo jeuri: linaanza kama wenzake kisha linaruka nusu toni sita. Umoja wa kipande unatoka hapa. Pasipo kii, kinachomshika msikilizaji ni umbo linalorudi kwa sura nyingine, na safu isiyo na maumbo yanayofanana ndani yake hutoa muziki ambao kila sekunde ni mpya na hakuna inayokumbukwa.

Sasa mtego wake. Piga noti ya pili hadi ya saba kwa mfululizo, taratibu, zote karibukaribu: 1 5 11 10 4 6. Utasikia kitu cha zamani sana. 1 5 11 ni kodi ya saba ya C shapu (kodi ya meja iliyoongezwa noti ya nne inayovuta kwenda kodi nyingine) isiyo na noti yake ya tano. 11 inashuka kwenye 10 kama inavyoshuka katika nyimbo zote za kwaya. Halafu 10 4 6 ni kodi ya saba ya F shapu. Ni kodi mbili zinazosukumana kama tenzi inayokaribia amina. Safu imepita kila ukaguzi wa kodi za meja na maina, na bado kii imejificha ndani yake. Hatutaitupa. Dawa ni mbili: kuweka kimya katikati ya makundi, na kuzitawanya noti katika oktava tofauti ili 11 isishukie 10 kwa hatua ndogo.

Wako waliotaka kinyume chake. Alban Berg, mwanafunzi wa Schoenberg, katika konseto yake ya fidla ya mwaka 1935 aliipanga safu ili noti tatu tatu zitoe kodi za maina na meja waziwazi, na muziki ule unapendwa hadi leo. Ila yeye alijua anachokifanya. Anayeanza afadhali ajifunze kufunga mlango kabla ya kuamua lini aufungue.

Kuigeuza safu

Kutoka safu moja unapata sura nne: ya mbele, ya nyuma, iliyopinduliwa, na iliyopinduliwa kisha ikasomwa nyuma. Kila sura inaweza kuanzia noti yoyote kati ya 12, kwa hivyo zote ni 48. Usiziandike zote. Kipande cha dakika moja kinahitaji nne tu, na anayejaza jedwali zima kabla ya kutunga kwa kawaida hujaza jedwali na hatungi.

Kuhamisha: chagua namba, uiongeze hiyohiyo kwa kila noti. Tukiongeza 6 tunapata 8 7 11 5 4 10 0 1 9 3 2 6. Isome kutoka mwisho: 6 2 3 – 9 1 0 – 10 4 5 – 11 7 8. Hii tutaitumia mwishoni.

Kupindua: kinachopanda kishuke, kinachoshuka kipande. Njia ya hesabu ni kuchagua namba moja na kutoa kila noti kutoka kwayo. Ukitoa kutoka 4 unapata safu inayoanzia D ileile: 2 3 11 – 5 6 0 – 10 9 1 – 7 8 4. Ukitoa kutoka 13 unapata: 11 0 8 – 2 3 9 – 7 6 10 – 4 5 1.

Namba unayotolea ina siri yenye faida kubwa. Ikiwa ni shufwa, kama 4, safu ya mbele na iliyopinduliwa zikipigwa sambamba zitakutana kwenye noti moja mara mbili: hapa noti ya kwanza (2 na 2) na ya kumi na moja (8 na 8). Ikiwa ni witiri, kama 13, hazikutani kamwe. Kukutana ni tatizo kwa sababu noti moja ikisikika katika oktava mbili kwa pamoja hupata nguvu kuliko jirani zake, na noti yenye nguvu ni makao yanayoanza kuchipua.

Usichukue witiri yoyote tu. Ukitoa kutoka 7, jozi ya mwisho inakuwa C na G, ambayo ni mwisho wa wimbo wa kanisa kabisa. Ukitoa kutoka 11, jozi ya kwanza ni D na A, na hapo umeanza kwa kupiga hodi kwenye kii ya D. Kwa 13 mwanzo ni D na B, mwisho ni C na C shapu. Jozi za kwati na kwinti (umbali wa nusu toni 5 au 7) zimo, lakini zimekaa katikati: ya tano, ya sita, ya tisa na ya kumi. Hapo mpe mpiga kinanda noti fupi, nusu pigo, zisikae pamoja na fidla kwa muda.

Vipimo 1 hadi 4: fidla peke yake

Urefu hapa umehesabiwa kwa nusu pigo.

D4: 3. C shapu 5: 1. F4: 2. Kimya: 1.
B3: 4. B flati 4: 1. E5: 2. Kimya: 1.
F shapu 4: 1. G5: 3. E flati 4: 2. Kimya: 2.
A4: 1. A flati 5: 4. C4: 3. Kimya: 1.

Jumla ni nusu pigo 32, vipimo vinne kamili. Angalia B3 kwenda B flati 4: badala ya kushuka nusu toni moja, inapanda 11. Ule mtego wa kodi za saba umevunjwa hapo, na kimya kinachofuata E kinamalizia kazi, kisha F shapu inapita haraka bila kuangukia pigo zito. Noti ndefu zaidi ziko mbili, B na A flati, moja chini kabisa na nyingine juu kabisa, ili zisimamie pande mbili na isiwepo ya kutawala.

Fidla yenyewe inahitaji kuangaliwa. Ikiwa imefungwa kwa mtindo wa Kiarabu, G D G D, nyuzi tupu zinaitika kila upigapo D au G, hata kama huzigusi. D ya kwanza ipigwe kwa kidole cha nne kwenye uzi mnene wa G, si kwa uzi mtupu. Mpiga fidla wa taarab pia ana mazoea mazuri ambayo hapa yanageuka kasoro: atateleza kuingia kwenye noti, na E yake itashuka robo toni bila yeye kukusudia, maana ndiyo E aliyoizoea katika bayati ya D. Mpigie kila noti kwenye kinanda kwanza, aisikie, ndipo aipige. Na kwa joto la kaskazi na unyevu wa bahari nyuzi zinalegea upesi. Kagua kabla ya kila duru. Katika wimbo wenye kii mpigaji hujirekebisha akisikia kii. Hapa hana cha kumshikiza.

Vipimo 5 hadi 10: fidla na kinanda

Fidla inarudia safu ya mbele, 2 1 5 na kuendelea, lakini badilisha oktava za angalau nusu ya noti na urefu wa zote, ukiunyoosha hadi mapigo 24. Kinanda kinapiga ile ya 13: 11 0 8 – 2 3 9 – 7 6 10 – 4 5 1, chini ya C ya kati, noti moja moja.

Ile kinga ya witiri inalinda noti zenye nafasi sawa tu: ya kwanza na ya kwanza, ya pili na ya pili. Mmoja akichelewa noti moja, hesabu inabadilika. Katika safu hizi hatari iko mahali pamoja, kwenye noti ya saba na ya nane: fidla ina 6 kisha 7, kinanda kina 7 kisha 6. Kinanda kikichelewa kidogo, G inasikika kwa wote wawili. Kikitangulia, ni F shapu. Hapo andika waende sawa kabisa, au tia kimya cha nusu pigo kwa wote kati ya noti hizo mbili. Kwingineko kuchelewa kwa noti moja hakuna madhara, na ni vizuri kinanda kisiwe kinafuata kila nyayo ya fidla.

Usikanyage pedali. Pedali inabakiza noti za chini zikivuma chini ya zile mpya, na linalovuma chini ndilo sikio hulichukua kuwa msingi.

Vipimo 11 hadi 13: kodi nne za kinanda

Fidla inyamaze. Kinanda kichukue safu iliyopinduliwa inayoanzia 2, noti tatu tatu kwa pamoja: 2 3 11, 5 6 0, 10 9 1, 7 8 4. Urefu kwa mapigo: 3, 2, 4, 2, kisha kimya cha pigo moja.

Kila kundi lina noti mbili zenye umbali wa nusu toni. Usizipige zikiwa zimegusana, zitasikika kama umekosea kitufe. Zitenganishe ziwe nusu toni 11 au 13. Kwa kundi la kwanza: E flati 3, D4, B4. La pili: C3, F shapu 3, F4. La nne: A flati 2, G3, E4.

La tatu lina funzo. Kwa mazoea ungeiweka B flati chini, A juu yake kwa nusu toni 11, C shapu kileleni. Kodi yenyewe haina neno. Lakini piga noti za chini za kodi zote nne peke yake: E flati, C, B flati, A flati. Hizo ni noti za A flati meja, na zinashuka zikitua kwenye makao yake. Kila kodi ilikuwa safi na besi imetoa siri. Badilisha: A2 chini, B flati 3, C shapu 4. Sasa besi ni E flati, C, A, A flati, na haina pa kutua. Fanya ukaguzi huu wa noti za chini peke yake kwa kila kipande utakachotunga. Ndio unaosahauliwa kuliko yote.

Vipimo 14 hadi 17: fidla inamalizia

Ungeweza kuisoma safu ya kwanza kutoka mwisho, ingependeza kwenye karatasi. Ingemalizikia D, noti ileile ya mwanzo, na msikilizaji angesema karibu nyumbani. Ndiyo sababu tulihamisha kwa 6: 6 2 3 – 9 1 0 – 10 4 5 – 11 7 8. Tumia urefu na vimya vilevile vya vipimo 1 hadi 4, kwa mpangilio uleule. Sikio litautambua mwendo hata kama noti zimebadilika.

Mitego miwili. 0 10 4 kisha 5 ni kodi ya saba ya C ikienda F; weka E5 kisha F4, isipande nusu toni moja. Na mwisho kabisa 7 kwenda 8 ni ti kwenda do, hakuna zaidi. Weka G4 kisha A flati 3, chini kwa nusu toni 11, na hiyo A flati ya mwisho ikate: nusu pigo moja badala ya tatu, zilizobaki ziwe kimya. Usimruhusu mpigaji kupunguza kasi anapokaribia mwisho. Mwili wake utataka, mwambie ahesabu.

Ukitaka ngoma na vyombo vingine

Swali hili huja haraka kwa watu wa hapa, na jibu lake linahitaji hesabu. Chakacha inakwenda kwa sita kwa nane. Vipimo viwili vina nusu mapigo 12. Noti 12 za urefu sawa juu ya mdundo huo zinaingia kamili, kwa hivyo kila duru noti ya kwanza inaangukia palepale kwenye pigo zito. Baada ya duru tatu D imekuwa mfalme, na ni ngoma iliyomtawaza, si lahani. Ongeza kimya cha nusu pigo mwishoni mwa safu, duru iwe 13. Sasa mwanzo unasogea hatua moja kila mara, na haurudi kwenye pigo la kwanza la kipimo ila baada ya duru 6. Ngoma ikae ilivyo. Safu ndiyo iteleze juu yake.

Tashkota, ala ya nyuzi yenye vifungo, inafaa kuliko unavyodhani, kwa kuwa vifungo vyake vina nusu toni zote. Kama yako ina nyuzi zinazovuma bila ya kubanwa na vifungo, ziwekee kipande cha kitambaa zinyamaze, kwa sababu uzi unaovuma noti moja mfululizo unafuta kazi yote. Udi hauna vizuizi shingoni, hivyo mambo yake ni yale ya fidla. Kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, usiipe safu nzima: imefungwa noti saba kwa oktava, na mpigaji atakuwa anapindua vijembe vya kubadilisha noti kuliko kupiga. Mpe noti tatu au nne zilizo mbali mbali, aziandae kabla.

Waimbaji wa kwaya ni taabu zaidi kuliko ala zote. Mwimbaji hana kitufe. Anaipata noti kwa kuisikia kutoka kwenye iliyotangulia. Fundisha umbali, si noti: nusu toni moja chini, nne juu. Waimbe kundi la tatu tatu hadi likae, kinanda kikiwapa noti ya kwanza ya kila kundi.

Mazoezi na ukaguzi wa mwisho

Fidla ianze kwa kasi ya 40, kundi moja moja, kisha makundi mawili, ndipo 60. Kosa la kawaida ni kupuuza vimya. Mpigaji akiona hakuna lahani anayoijua hudhani kimya ni nafasi ya kupumzika na hukirefusha au hukiruka. Vipimo vikiyumba, pigo la kwanza linahamia kwenye noti usizokusudia. Ahesabu kwa sauti, hata kama inamuudhi.

Ukisharekodi, tafuta watu watatu wasioujua muziki huu, kila mmoja peke yake. Wachezeshee vipimo vinne vya kwanza, simamisha ghafla baada ya C4, na umwombe kila mmoja avumishe noti anayoona inafaa kumalizia. Usiwaeleze kitu. Wakivumisha noti tatu tofauti, kipande kiko sawa. Wakivumisha moja wote, kipande kina makao, na kazi yako ni kuyatafuta yako wapi. Mtuhumiwa wa kwanza ni G5: inaangukia pigo la kwanza la kipimo cha tatu, ina urefu wa 3 na iko juu. Ipunguze hadi 2, nusu pigo lililobaki umpe E flati 4 inayofuata, vipimo vitabaki sawa. Wakivumisha D, rudi kwa mpiga fidla uangalie kama hajaupiga uzi mtupu.